Globu za Safari ya Kumwosha Mama

Iliyoungua ilikuwa globu moja. Naanza hapo kwa sababu kaka yangu, Mungu amrehemu, kila alipoisimulia habari hii barazani alisema "taa za gari zilikufa," utadhani gari zima lilipofuka. Hazikufa taa. Ilikufa moja, ya upande wa kushoto. Ya kulia ilikuwa nzima, ikiwaka vilevile kama siku baba alipolinunua gari lile kwa padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Mimi sasa ni bibi kizee, meno yamebaki ya kuhesabu, lakini hilo la globu moja simwachi mtu alikoroge mbele yangu.

Gari lenyewe lilikuwa boksibodi, mbele bati nyuma mbao, kuukuu kuliko magari yote ya Majengo, mtaa wetu Waswahili wa Meru, maana lilitengenezwa kabla ya vita vya Hitla. Baba alikuwa mwenye bucha, akibebea humo nyama na ngozi. Alipofariki, kaka alirithi bucha, akarithi gari, akarithi na ile tabia ya kutoambiwa kitu. Wakati ninaousema ni wa Imajensi, ile hali ya hatari Waingereza waliyoitangaza kwa ajili ya Maumau. Kafyu ilikuwa imeingia, jua likishuka kila mtu yuko ndani, kwa hiyo boksibodi lile lilikuwa halijawashwa taa tangu siku ambazo hakuna aliyezikumbuka. Globu ile ilikufa lini? Nani ajuaye. Labda kwenye mashimo ya barabara ya kwenda Laare, alikokuwa akinunua mbuzi. Gari lilitembea mchana, likalala usiku, na jicho moja limekufa hatuna habari.

Sasa mama. Mama yetu alizaliwa Embu, akaolewa na baba akiwa kigori, akasilimu, akakaa Majengo mpaka Kiembu kikawa kinamtoka kwa kubabaika. Yeye ndiye aliyekuwa muosha wetu. Mwanamke akifa Majengo, awe mke wa tajiri au mpika pombe asiye na mtu, aliitwa mama. Alikuja na ndoo zake, akajifunga kitambaa mkononi, akafunga mlango. Hakupokea kitu. Mimi nilianza kumshikia kata ya maji kabla sijaolewa, na ni pale, juu ya maiti za watu, nilipofundishwa kazi: usimfunue, usimsukume, usiseme ulichokiona. Alikuwa akipiga magoti kusafisha kucha za marehemu huku akiniambia, "Muosha huoshwa, mwanangu. Siku yangu ikifika ni wewe." Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayemwagiza mtoto chumvi dukani.

Basi ikaja Imajensi, serikali ikaamua Wakikuyu na Waembu walio mjini Meru warudishwe kwao. Kwao! Baba angekuwa hai pengine wangemwacha, mke wa Mswahili. Lakini mjane nani atamtetea? Karani aliyekuwa akiwagawa watu, kijana wa hapa hapa, tena aliyekula mishikaki ya baba tangu utoto wake, alizitazama karatasi za mama akasema, "Embu." Nikamwambia, huyu nyumba yake ni ile pale, kaburi la mumewe ni lile kule, Embu, ukimtoa kaka yake, hamjui hata mtu wa kumwomba moto. Akacheka. Akanitupia methali: "Dada, mkataa kwao mtumwa." Yarabi! Ningekuwa na kitu mkononi siku ile tungezungumza mengine. Wakampandisha lori na kisanduku chake kidogo, wakampeleka kwenye kijiji cha kuzuilia watu, kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa, kwa kaka yake wa pekee aliyebaki, mjomba wetu, mtu wa kanisani yeye na mkewe.

Miezi ikapita, hakuna barua, hakuna ruhusa ya kwenda. Kisha asubuhi moja dereva wa lori la mahindi akasimama mbele ya bucha akawaulizia watoto wa muosha. Hakuleta karatasi. Alileta maneno, aliyopewa na mjomba kwenye kizuizi cha barabarani, akayasema kama alivyopewa: "Mama yenu amelala chini. Anasema siku yake imefika, binti yake aje."

Kaka alidhani mama anaitisha dawa. Akaanza kuulizia daktari, sijui vidonge gani. Nikamwambia, "Wewe, mama haitishi dawa. Mama anataka kuoshwa." Kwa sababu tulijua mambo ya vile vijiji, kila mtu alijua. Mtu akifa, homugadi, wale wenyeji waliopewa bunduki na serikali kulinda vijiji, walitaka afukiwe siku hiyohiyo kabla ya kafyu, na nguo zake alizofia, shimo na udongo, kwisha. Katika kijiji kile kizima hapakuwa na mwanamke Mwislamu hata mmoja. Mwanamke aliyewaosha wa Majengo wote kwa mikono yake angeingia kaburini na jasho la ugonjwa, kama gunia. Nisingefika mimi, angefika nani?

Kaka, nimpe haki yake, alikwenda bomani mbio. Ruhusa ikatoka kesho yake asubuhi na mapema, ya yeye na mimi na gari. Lakini karani wa bomani, mwingine, akamwambia: kule mtoni, mpakani na Embu, hawapitishi gari lisilo na taa mbili nzuri. Hata mchana? Hata mchana. Ukichelewa ukakutwa na giza ng'ambo ile huna taa, askari hawaulizi, wanapiga risasi. Ndipo kaka alipokuja, akavuta kitufe, mimi nikiwa mbele ya gari nimeziba taa na leso yangu nione vizuri, na ya kushoto ikakaa kimya.

"Moja tu," nikamwambia. "Nunua moja twende."

Laiti ningekuwa mwanamume. Ningeingia dukani mwenyewe, nikaweka globu moja kwenye kikapu na sanda na karafuu maiti, tukaondoka umande haujakauka. Lakini kaka yangu alikuwa na nadharia. Alikuwa mtu wa nadharia yule. Alisikia kwa fulani aliyesikia kwa fulani kwamba askari wa kule mtoni hawataki taa zisizolingana, moja mpya moja nzee, wanasema gari linakonyeza. Kwa hiyo zibadilishwe zote mbili. Akaifungua ile ya kulia, nzima, haijamkosea mtu, akaitia mfukoni pamoja na ile mfu, tukaenda nazo kwenye duka la Mhindi lililouza vipuri.

Mhindi mwenyewe hakuwepo, alikuwa ametoka kwa shughuli zake. Alikuwepo muuzaji wake, mtu mzima, tai shingoni, penseli sikioni, kajipaka mafuta ya nywele mpaka nzi wanateleza. Kaka akamwekea zile globu mbili mezani. "Nataka kama hizi, lakini nzuri."

Jamaa akatoa viboksi, akavipanga mezani polepole kama mtu anayeuza dhahabu. Akasema, "Haraka haraka haina baraka, mzee. Globu lazima tuipime kwanza." Chini ya meza alikuwa na betri kubwa na nyaya mbili. Akachukua globu ya kwanza, iliyofanana na yetu kila kitu, hata ile shaba ya nyuma, akaigusisha. Paa! Ikatoa mwanga wa buluu mara moja, ikafa, kioo ndani kikawa cheusi. "Mbovu hii," akasema, akaitupa kwenye debe. Akachukua ya pili ya aina hiyohiyo. Paa! "Hizi zimekaa sana, zimeoza." Ya tatu hakujisumbua nayo, akairudisha kwenye kiboksi akakisukuma kando. Kisha akafungua aina nyingine, akaigusisha, na duka zima likajaa mwanga mpaka nikafumba macho.

Kaka akapiga kofi. "Hiyo! Hiyo ndiyo taa! Niletee mbili."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, buibui langu limenibana kwa joto na kwa hamu ya kuondoka. Nikaishika ile globu yetu ya zamani, nikaigeuza. Nilikuwa nimesoma madarasa mawili ya misheni kabla baba hajanitoa, herufi zilinipita lakini namba nilizijua. Kwenye shaba palikuwa na sita, ndogo sana. Nikaitazama ile mpya inayong'aa. Kumi na mbili. Nikaenda kwenye debe, nikaokota moja ya zile zilizoungua. Sita.

Nikasema, "Kaka, yetu ina sita. Hizo mpya zina kumi na mbili. Zilizoungua ndizo zilizokuwa sita."

Wote wawili walinitazama, na nakuapia, walitazama kwa uso mmoja. Yule wa tai akatabasamu. Kaka akasema, "Na kumi na mbili si zaidi ya sita? Au huko misheni walikufundisha kurudi nyuma?" Wakacheka. Nikasema tena: lakini gari letu limezoea sita, labda ndiyo inayolifaa. Kaka akaacha kucheka. "Nyamaza wewe. Mambo ya gari hayo, si ya kata na ndoo." Akanunua kumi na mbili, mbili. Ile yetu ya kulia, nzima, akaiacha pale mezani na mwenzake mfu, maana ya nini tena, ameshapata zinazong'aa.

Sikunyamaza kwa sababu niliamini. Nilinyamaza kwa sababu kila neno lilikuwa linakula asubuhi, na mama amelala chini. Hapo ndipo hasira yangu inapopanda hadi leo. Walipima kitu cha aina yetu kwa betri yao, kikaungua, wakakiita kibovu, nami nikaambiwa nifunge mdomo ili tusichelewe.

Kaka alizifunga zile globu pale nje, jua limeshachacha. Akawasha. Nikainama nikatazama, nikaona ndani uzi mwekundu kama kijinga cha moto kilichobaki jikoni asubuhi.

"Mbona nyekundu?"

"Ni mchana! Ulitaka uone nini mchana?" Akapanda. "Ingia, dada. Si wewe mwenye haraka?"

Barabara ya zamani ya Meru kwenda Embu wanaoijua wanaijua. Siku hizi mnapita kwenye lami mnalala. Wakati ule ilikuwa ni kushuka bondeni kwenye mto, kupanda, kukunja kona, na kushuka mto mwingine, na mlima umekaa kulia kwako hausogei. Boksibodi lilitweta. Kila mlima nilikuwa nikipiga hesabu ya mama: sasa hivi anapumua, sasa hivi anauliza kama nimefika. Kaka alijaribu kuzungumza habari za ngozi. Chuka tulipita watu wakiwa sokoni, tukashuka tena, na jua lilikuwa utosini tulipofika kizuizi cha mtoni. Ng'ambo ilikuwa Embu. Niliona mashamba ya kwao mama kwa macho yangu, ile miteremko yenye kahawa changa, moshi wa vijiji. Saa mbili za gari, tatu kwa gari letu.

Palikuwa na askari Mwafrika aliyeletwa kutoka nchi nyingine, mrefu, na Mzungu kijana amekaa kwenye kiti cha turubai. Ruhusa zikatazamwa, zikakubaliwa. Kikapu changu kikapekuliwa, sanda ikafunuliwa, ikashikwashikwa na mikono ya mwanamume. Kisha yule askari akasema, "Washa taa."

Kaka akawasha, na uso wake umejaa fahari, masikini. Askari akavua kofia, akaifunika taa ya kushoto, akachungulia. Akaenda kulia, akafunika, akachungulia. Akanyooka. "Hii ni taa au ni sigara?"

"Mpya hizo, afande! Leo asubuhi! Kumi na mbili!"

Yule akamwita Mzungu. Mzungu akaja, akachungulia kwenye kofia, akatikisa kichwa, akarudi kitini. Askari akasema, "Geuza gari. Rudi ukishapata taa."

Nikashuka. Kaka akanishika mkono, nikamnyang'anya. Nikamwambia yule askari, "Afande, jua liko wapi?" Akaniangalia. "Nakuuliza, jua liko wapi?" Akasema liko juu. "Basi taa ya nini? Unataka tumulike nini, jua? Mama yangu anakata roho pale, pale unapopaona. Mimi ndiye wa kumwosha. Nipitishe kwa miguu."

"Kwa miguu hairuhusiwi. Ruhusa ni ya gari."

"Basi gari lipite."

"Gari halina taa."

Akasema hivyo bila ubaya hata, na hilo ndilo lililonichoma. Kama angenitukana ningemtukana, tukamaliza. Alikuwa kama mtu anayesema kwamba maji yana unyevu. Nikamgeukia Mzungu nikamwambia kwa Kiswahili, maana hakuna lugha nyingine niliyokuwa nayo ya kumwambia, kwamba hata kwao najua wafu huoshwa. Aliinua macho, akasema kwa Kiswahili kibovu, "Kesho, mama. Kuja kesho." Kesho! Nilikaa chini kwenye vumbi la kizuizi nikakataa kuinuka. Kaka na yule askari ndio walioniinua, mmoja mkono huu, mmoja mkono ule, wakanipandisha kwenye gari kama mzigo. Sijawahi kuinuliwa hivyo tena na sitaki.

Tulirudi milima ileile. Kaka hakuzungumza habari za ngozi. Mahali fulani baada ya Chuka akasema, "Labda betri." Nikamwambia, "Sema neno jingine la gari, nitaruka."

Tuliingia mjini duka likiwa karibu kufungwa, na Mhindi mwenyewe amesharudi. Aliitazama globu ile mpya kaka alipoiweka mezani, akatazama nje kwenye boksibodi, akashika kichwa. "Nani amekuuzia hii? Gari lako volti sita, bwana! Hii ya magari mapya. Kwa gari yako itafanya nini? Italala tu." Akatazama debe, akaona zile mbili zilizoungua. "Na hizi nani amepima kwa betri yangu? Betri yangu volti kumi na mbili! Hizi zilikuwa nzuri! Ameua!" Akamgeukia yule wa tai, akaanza kumfokea kwa Kihindi na Kiswahili kwa pamoja. Yule wa tai aliona viatu vyake vimekuwa vizuri sana vya kutazama.

Na ile yetu ya kulia, nzima, ilikuwa bado palepale pembeni ya meza. Na ile sita ya tatu, ambayo jamaa hakujisumbua kuipima, ilikuwa bado kwenye kiboksi chake. Ndizo tulizofunga. Moja nzee, moja mpya. Ndilo nililolisema asubuhi: nunua moja twende.

Kaka alinitazama. Nadhani alitaka nimpe nafasi ya kusema kitu. Nilimwambia, "Kumi na mbili si zaidi ya sita?" na nikaenda zangu nyumbani kwangu kwa miguu.

Asubuhi iliyofuata kafyu ilipofunguliwa tulikuwa tumeshakaa garini. Mtoni askari yuleyule akafunika kwa kofia ileile, akachungulia, akasema, "Sasa." Akafungua gogo lililoziba njia. Alinipungia mkono! Wallahi alinipungia, kama tumeagana vizuri. Taa hazikuonyesha chochote kwenye lile jua, sisi wenyewe hatukuziona, lakini tulipita.

Kijijini kwa mjomba tulisimamishwa tena mlangoni, handakini, kisha homugadi mmoja akatupeleka katikati ya vibanda vilivyobanana, paa kwa paa, mpaka kwa mjomba. Mjomba alikuwa amekaa nje. Alipotuona hakusimama. Alitazama chini tu, akasema kwa Kiembu neno moja ambalo nililijua, kwa sababu mama alilitumia alipotutangazia kifo cha baba: amekwenda.

Lini?

Jana alasiri.

Jana alasiri nilikuwa kwenye ile milima, narudi nyuma.

Wameshamzika. Homugadi hawakukubali alale. Nikapiga ukelele, si wa kulia, wa hasira, mpaka watu wakatoka vibandani. Nikamshika kaka kanzu yake kifuani nikaitikisa. "Amezikwa na jasho! Mama yangu! Muosha amezikwa na jasho kwa sababu yako na namba zako!" Kaka hakuitoa mikono yangu. Alisimama tu, mikono chini, machozi yanamdondoka kidevuni.

Mke wa mjomba ndiye aliyenitoa pale. Mwanamke mfupi, mkavu, msalaba wa bati shingoni, Kiswahili chake ni cha kuokota sokoni. Akaniingiza ndani ya kibanda, akanikalisha kwenye kitanda cha kamba ambacho kilikuwa cha mama, akasema, "Hapana. Hapana na jasho. Mimi naosha yeye."

"Wewe?" nikamwambia. "Wewe unajua nini?"

Akaniambia kwamba mama alipoona nguvu zinaisha alimwita kila siku, akamfundisha kwa mdomo. Mwanzoni yeye alidhani ni homa inasema. Kisha akaelewa. Jana asubuhi mama alimwambia, ngojeni binti yangu mpaka jua lipinduke, nikifa hajafika, osha wewe. Wakangoja. Jua likapinduka, wakangoja tena kidogo. Roho ikatoka. Homugadi wakasema leo hii, kabla ya kafyu.

Sikumshukuru. Nasema kama ilivyokuwa, na wala sijuti. Ile ilikuwa kazi yangu na mwenzangu ameifanya, na nilimkalia kooni kama hakimu. Nilitaka nipate kosa. Kukiwa na kosa, basi mama bado ananihitaji, kuna kitu bado cha kufanya.

"Ulianza upande gani?"

"Kulia."

"Mara ngapi?"

"Tatu. Mama anasema tatu, au tano, hapana nne."

"Ulimfunua?"

"Hapana. Nguo juu. Mkono yangu na kitambaa, naingia chini."

"Nywele?"

"Nafungua, naosha, nasuka mkia tatu, naweka nyuma."

"Maji? Maji mlitoa wapi, na nyinyi mnaruhusiwa mtoni mara moja tu kwa siku?"

Akainua mkono akaonyesha nje, vile vibanda vyote. "Wamama. Kila nyumba kikombe. Jana watoto hapa nalala bila uji." Na sanda? Mama alikuwa nayo kwenye kisanduku chake siku ile walipompandisha lori. Alijua. Sisi ndio tulidhani amebeba nguo.

Baadaye, Majengo, kuna mtu alithubutu kuja barazani kwangu kuniambia kwamba josho la Mkristo halisihi, kwamba afadhali ningeuliza mashekhe. Nilimfukuza na mchi wa kinu, na waliokuwepo wanajua kwamba sikutania. Lakini siku ile, kwenye kile kitanda, mimi mwenyewe nilikuwa bado natafuta. Nikabaki na swali moja, lile ambalo mama hakuwahi kumwachia mtu aruke, kwa sababu bila hilo kuosha ni kumwaga maji tu. Nikajua nimempata. Mtu wa kanisani hawezi kulijua.

"Na nia?" nikamwambia. "Kabla hujamwaga maji ya kwanza, ulisema nini moyoni?"

Akaushika msalaba wake wa bati. Nikainuka nusu, tayari nimekasirika upya, tayari nimepata kosa langu.

"Mama anasema lazima nasema," akaniambia. "Mimi nauliza yeye, nasema nini, mimi si Mwislamu. Yeye anasema, sema hii kazi si yako. Sema unashikia binti yangu mkono. Basi nasema hivyo. Nasema, Mungu, huyu ni mtoto yake anaosha, mimi ni mkono tu."

Niliketi tena. Nje homugadi alikuwa akipiga kelele gari liondoke mapema, giza lisitukute, na mimi nikamshika yule mwanamke mikono yote miwili, nikaishika kwa nguvu mpaka akasema inauma, nikawa nalia kwa hasira na sikuiachia.